Uchambuzi: Saratani ya ini na mirija ya nyongo Rwanda, wapasuaji wako tayari lakini wagonjwa wanachelewa kufika

Tarehe 7 Oktoba 2023, Rais Paul Kagame alizindua katika eneo la Masaka, jijini Kigali, kituo cha IRCAD Africa, ambacho ni tawi la taasisi ya Ufaransa iliyoasisiwa na Profesa Jacques Marescaux mjini Strasbourg mwaka 1994. Habari nyingi za siku ile zilihusu vifaa vya kisasa, roboti za upasuaji na vyumba ambamo madaktari kutoka nchi mbalimbali za Afrika wangejifunza kupasua kupitia matundu madogo badala ya kufungua tumbo zima. Jambo moja halikutajwa sana, nalo ni maana ya jina lenyewe. Likitafsiriwa kutoka Kifaransa, ni taasisi ya utafiti dhidi ya saratani za mfumo wa mmeng'enyo wa chakula.

Miongoni mwa saratani hizo, za ini na za mirija ya nyongo ndizo zinazowatia wapasuaji wasiwasi mkubwa. Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2022 watu wapatao 866,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na karibu 758,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Idadi hizo mbili zinakaribiana mno, na ukaribu huo unaeleza tatizo: wengi wanaogunduliwa hawaishi muda mrefu. Ni saratani ya tatu kwa kuua watu wengi duniani.

Kwa hiyo swali linaloikabili Kigali haliishii kwenye ustadi wa mpasuaji. Lipo pia swali la nani anamfikia mpasuaji huyo, anamfikia lini, na kama kuna anayehesabu kinachompata mgonjwa baada ya kurudi nyumbani.

Magonjwa mawili, dalili zinazofichama

Saratani inayoanzia kwenye ini lenyewe ni ya aina kuu mbili. Ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida zaidi, huota katika chembe za ini, na mara nyingi hutanguliwa na makovu ya muda mrefu yanayojulikana kitabibu kama sirosisi. Makovu hayo husababishwa hasa na virusi vya homa ya ini B na C, pombe, na mafuta yanayojikusanya katika ini. Ya pili huota katika kuta za mirija inayosafirisha nyongo, ndani au nje ya ini. Hii ni adimu zaidi, na katika baadhi ya maeneo ina visababishi vyake vya pekee. Kaskazini mashariki mwa Thailand, kwa mfano, inahusishwa na minyoo inayoingia mwilini kwa kula samaki wabichi wa maji baridi.

Zote mbili zina tabia ya kukaa kimya. Ini linaweza kubeba uvimbe mkubwa bila mwenyewe kuhisi lolote. Maumivu ya upande wa kulia wa tumbo, kukonda, tumbo kujaa maji na macho kuwa ya manjano hujitokeza wakati ugonjwa umekwishapiga hatua. Katika saratani ya mirija ya nyongo, umanjano hutokea kwa sababu njia imeziba: mkojo huwa na rangi ya chai kavu, kinyesi hupauka, na ngozi huwasha usiku kucha.

Dalili hizo ni rahisi kusomwa vibaya. Katika vijiji vingi vya ukanda wa Maziwa Makuu, macho ya manjano hudhaniwa kuwa malaria, na tumbo linalovimba huhusishwa na sumu au uchawi. Mgonjwa anaweza kupitia kwa mganga wa jadi, duka la dawa na kituo cha afya kabla ya mtu yeyote kumpima ini kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kila kituo katika safari hiyo hula wiki kadhaa, na saratani hizi haziwapi wagonjwa wiki za kupoteza.

Takwimu zinazoonesha tofauti ya njia, si ya miili

Picha iliyo wazi zaidi kuhusu hali ya wagonjwa wa saratani ya ini barani Afrika ilitolewa mwaka 2017 na muungano wa watafiti waliokusanya taarifa za wagonjwa 2,566 kutoka nchi tisa. Takriban nusu walikuwa Wamisri. Wengine walitoka Ghana, Nigeria, Ivory Coast, Cameroon, Sudan, Ethiopia, Tanzania na Uganda. Rwanda haikuwamo, lakini majirani zake wawili wa Afrika Mashariki walikuwamo, na matokeo yanaisemea kanda nzima.

Nchini Misri, ambako kisababishi kikuu kilikuwa homa ya ini C, umri wa kati wa wagonjwa ulikuwa miaka 58. Katika nchi nyingine nane, ambako homa ya ini B ndiyo iliyoongoza, umri huo ulikuwa miaka 46. Misri, asilimia 76 ya wagonjwa walipata angalau tiba moja inayolenga saratani yenyewe. Kwingineko waliopata tiba ya aina hiyo walikuwa asilimia 3 tu. Nusu ya wagonjwa wa Misri waliishi zaidi ya miezi 10.9 baada ya kugunduliwa. Katika nchi zile nane, nusu walikuwa wamekwishafariki ndani ya miezi miwili na nusu.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hazisemi kwamba madaktari wa Kampala au Dar es Salaam ni dhaifu kuliko wa Cairo. Misri imekuwa kwa miaka mingi na mtandao wa kliniki za ini, ambamo watu wenye sirosisi hufuatiliwa kwa vipimo hata kabla ya uvimbe kuonekana. Kusini mwa Sahara, wengi hugunduliwa siku wanapofika hospitalini wakiwa hoi. Sehemu kubwa ya tofauti ya miezi minane inatokana na njia ambayo mgonjwa amepita kabla ya kukutana na bingwa.

Umri nao una uzito wake. Mtu wa miaka 46 katika kanda hii kwa kawaida ana watoto wanaosoma, mashamba au biashara inayomtegemea, na mara nyingi wazazi anaowatunza. Kifo chake huacha pengo la kiuchumi ambalo takwimu za hospitali hazilionyeshi.

Mpasuaji anayehesabu

Wapasuaji wana historia ndefu ya kuleta mabadiliko kwa kuuliza maswali rahisi kuhusu wagonjwa wao. Mfano wa karibu zaidi na Kigali uko Kampala. Mwaka 1958, Denis Burkitt, mpasuaji katika hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari lililokwishatumika, umbali wa takriban kilomita 16,000, akipita hospitali moja hadi nyingine mashariki na kusini mwa Afrika na kuuliza kama wameuona uvimbe huo. Ramani aliyoichora ilifuata joto na mvua, na ilisaidia kufungua njia ya kuelewa uhusiano wa saratani hiyo na maambukizi.

Kwa upande wa ini, mfano unaotajwa zaidi ni wa Vincenzo Mazzaferro, mpasuaji wa Milan. Hadi miaka ya 1980, kupandikiza ini kwa wagonjwa wa saratani kulikuwa na matokeo mabaya, kwa kuwa uvimbe ulirudi. Mwaka 1996, Mazzaferro na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 48 waliochaguliwa kwa masharti makali: uvimbe mmoja usiozidi sentimita 5, au usiozidi mitatu, kila mmoja ukiwa hauzidi sentimita 3. Baada ya miaka minne, asilimia 75 walikuwa hai. Thamani ya utafiti huo ilikuwa katika kuonesha ni nani hasa anayenufaika na upasuaji, kuliko katika mbinu mpya ya kisu.

Utafiti wa aina hiyo unategemea uaminifu wa hesabu. Hospitali ikihesabu vifo vya siku 30 za kwanza baada ya kukata sehemu ya ini, inaweza kujipatia sifa isiyo yake, kwa sababu ini lililobaki likishindwa kufanya kazi mgonjwa anaweza kufariki wiki ya sita au ya nane. Ndiyo maana wataalamu wengi wa upasuaji wa ini hupendelea kuhesabu siku 90. Vilevile, ikiwa wagonjwa waliorudi vijijini hawafuatiliwi, kuna hatari ya kuwahesabu kama waliopona watu ambao hawakusikika tena. Na ikiwa wanaohesabiwa ni wale tu waliofaa kupasuliwa, asilimia ya waliopona itapendeza huku wengi walioambiwa kwamba hakuna la kufanya wakibaki nje ya karatasi.

Rwanda ina sababu ya pekee ya kujua gharama ya kumbukumbu zilizopotea. Mwaka 1991 yalianzishwa mjini Butare masjala ya saratani yaliyokusudiwa kuonesha ni magonjwa gani yanawapata wakazi wa eneo hilo. Kazi hiyo ilikatizwa mwaka 1994 na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Nchi ililazimika kuanza upya, ikiwa imepoteza madaktari, wauguzi, majalada na, zaidi ya yote, watu.

Mnyororo uliojengwa, na viungo vinavyolegea

Tangu wakati huo mengi yamefanyika. Kituo cha saratani cha Butaro, katika wilaya ya Burera kaskazini mwa nchi, kilifunguliwa Julai 2012. Matibabu ya mionzi yalianza mwaka 2019 katika hospitali ya kijeshi ya Kanombe, na kupunguza safari za wagonjwa kwenda nje ya nchi. Hospitali ya King Faisal ilianza kupandikiza figo mwaka 2023. Mwaka huohuo serikali ilianzisha mpango wa kuongeza mara nne idadi ya wahudumu wa afya ndani ya miaka minne. Mapema mwaka 2025 ilitangazwa kwamba bima ya afya ya jamii, ambayo wengi huiita mituweli, itapanuliwa ili kugharimia huduma zaidi, yakiwemo matibabu ya saratani.

Kwa mgonjwa wa ini, hata hivyo, mnyororo huo una nguvu sawa na kiungo chake kilicho dhaifu. Ili apasuliwe kwa usalama, anahitaji picha nzuri za ini zinazoonesha uvimbe uko karibu na mishipa gani, vipimo vya damu vinavyoeleza ini lina nguvu kiasi gani, mtaalamu wa kusoma sampuli, daktari wa usingizi aliyezoea upasuaji mrefu, damu ya akiba, na kitanda cha uangalizi maalumu. Ini lenye afya lina uwezo wa ajabu wa kujijenga upya, kiasi kwamba mpasuaji anaweza kuondoa zaidi ya nusu yake na mgonjwa akaishi. Ini lenye makovu halina uwezo huo. Mpasuaji anapokosea kukadiria hali ya ini, roboti haiwezi kumwokoa.

Kwa saratani ya mirija ya nyongo, mara nyingi jambo la kwanza ni kufungua njia iliyoziba kwa kupitisha bomba dogo kwa msaada wa endoskopia. Hatua hiyo peke yake huondoa mwasho, hupunguza hatari ya maambukizi na humrudishia mgonjwa hamu ya kula, hata kama saratani yenyewe haiwezi kuondolewa. Pale upasuaji unaposhindikana, tibakemikali ina nafasi yake, ingawa ni ndogo. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2010 kwa wagonjwa 410 ulionesha kwamba dawa mbili zikitumiwa pamoja, muda wa kati wa kuishi ulifikia miezi 11.7, badala ya miezi 8.1 kwa dawa moja. Miezi hiyo mitatu na zaidi ina maana kwa familia, lakini inafikiwa tu na mgonjwa aliyegunduliwa akiwa bado na nguvu.

Hapa ndipo hoja ya kuukusanya upasuaji huu katika hospitali chache inapopata uzito. Rwanda ni nchi ya kilomita za mraba 26,338, na sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 13.2. Kwa udogo wake, inawezekana wagonjwa wote wenye uvimbe wa ini wakajadiliwa katika kikao kimoja cha mabingwa, na wale wanaofaa wakapelekwa kwa timu moja inayofanya kazi hiyo kila wiki. Timu inayofanya upasuaji mgumu mara kwa mara hupata matokeo bora kuliko inayofanya mara mbili kwa mwaka. Lakini kukusanya huduma Kigali kunamwongezea mzigo mkazi wa Rusizi au Nyagatare, ambaye atalipia usafiri, malazi ya ndugu anayemuuguza na siku ambazo shamba halilimwi. Bima inayolipa upasuaji bila kuangalia gharama hizo huwaacha nje wale inaokusudia kuwasaidia.

Kinga inayofanya kazi kabla ya kisu

Mafanikio makubwa zaidi ya Rwanda dhidi ya saratani ya ini huenda hayamo katika chumba cha upasuaji. Desemba 2018 nchi ilitangaza mpango wa kutokomeza homa ya ini C, kwa lengo la kuwapima watu milioni 4 na kuwatibu 110,000. Utafiti uliofanyika Kigali kwa wagonjwa 300, ambao matokeo yake yalitolewa mwaka 2019, ulionesha kwamba asilimia 87 walipona kwa dawa za kumeza. Bei iliyokuwa ikitajwa kwa makumi ya maelfu ya dola katika nchi tajiri ilishushwa kwa majadiliano hadi takriban dola 60 kwa dozi kamili ya wiki 12.

Hata hivyo, kupona virusi si sawa na kupona ini. Mtu aliyetibiwa homa ya ini C akiwa tayari na sirosisi anabaki katika hatari ya saratani, na anapaswa kupimwa ini kwa mawimbi ya sauti kila miezi sita. Maelfu waliopona wanaweza kuwa kundi la kwanza nchini kugunduliwa mapema, endapo watafuatiliwa. Wakiachwa waende zao na vyeti vyao vya kupona, baadhi yao watarudi baada ya miaka wakiwa wamechelewa kama waliowatangulia.

Homa ya ini B ni kazi ngumu zaidi, kwa kuwa dawa zilizopo huituliza bila kuiondoa. Ila ina chanjo. Taiwan ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na kufikia miaka ya mwanzo ya 1990 saratani ya ini kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 ilikuwa imepungua karibu kwa nusu. Rwanda iliiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2002, kwa hiyo kizazi kilichozaliwa baada ya hapo kimekingwa vizuri zaidi. Waliozaliwa kabla ya 2002, ambao leo ndio watu wazima wanaofanya kazi, hawakupata kinga hiyo utotoni. Shirika la Afya Duniani, WHO, linapendekeza pia dozi ya kwanza itolewe ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Katika ripoti yake ya mwaka 2024, lilisema kanda ya Afrika inabeba asilimia 63 ya maambukizi mapya ya homa ya ini B, ilhali ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga wa kanda hiyo wanaopata dozi hiyo ya awali.

Kisababishi kingine kimo jikoni. Mahindi na karanga zisizokaushwa vizuri huota ukungu unaozalisha sumukuvu. Utafiti uliofanyika Murang'a, Kenya, na kuchapishwa mwaka 1973 ulikuwa miongoni mwa zile za mwanzo kuonesha kwamba penye sumukuvu nyingi katika chakula kuna saratani nyingi ya ini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125 mashariki mwa Kenya kwa muda mfupi. Madhara yake ya polepole hayapigi kelele, lakini kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini B, sumukuvu huongeza hatari ya saratani maradufu na zaidi. Turubai la kuanikia mahindi na ghala kavu havina mvuto wa roboti. Navyo pia ni vifaa vya kupambana na saratani.

Walio mbali na nyumbani

Suala hili haliishii kwenye mipaka ya Rwanda. Wazungumzaji wa Kiswahili waliohamia Australia, Ulaya na Amerika Kaskazini wakitokea Rwanda, Burundi, Kongo au Tanzania wamebeba historia ileile ya kiafya. Wengi walizaliwa kabla ya chanjo kuanza kutolewa katika nchi zao, na baadhi waliishi miaka mingi kambini. Mtu anaweza kuishi na homa ya ini B kwa miongo kadhaa pasipo dalili, na mara nyingi virusi vilimwingia siku ya kuzaliwa kwake kutoka kwa mama ambaye naye hakujua.

Tofauti ni kwamba katika nchi hizo kipimo cha damu kinapatikana kwa daktari wa kawaida, na mwenye virusi anaweza kuwekwa kwenye uangalizi wa miezi sita. Kinachozuia wengi ni aibu, kwa kuwa homa ya ini B huambukizwa pia kwa ngono na hivyo huzungumzwa kwa kunong'ona, pamoja na dhana kwamba mtu asiyeumwa hana haja ya kupimwa. Kaka akigundulika, ndugu zake wa tumbo moja nao wanafaa kupimwa, popote walipo. Simu moja kutoka ughaibuni kwenda Gisenyi au Bukavu inaweza kumpeleka mtu kliniki wakati bado kuna la kufanya.

Kipimo cha mafanikio

Katika miaka ijayo, kituo cha Masaka kitaendelea kutoa madaktari wenye ujuzi ambao kizazi kilichopita kiliufuata Ulaya na Asia. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini idadi ya madaktari waliofunzwa, au ya operesheni zilizofanywa kwa roboti, haitatosha kueleza kama nchi inashinda. Takwimu za kufuatilia ni nyingine: ni wagonjwa wangapi wa ini na nyongo wanagunduliwa wakiwa bado wanafaa kupasuliwa, wangapi wako hai siku 90 na miaka mitano baadaye, na wangapi walitoka vijijini.

Nchi yenye wahudumu wa afya ya jamii katika kila kijiji, bima inayowafikia wananchi wengi, na uzoefu wa kuwapima mamilioni ya watu homa ya ini C ina uwezo wa kuzipata takwimu hizo. Zikipatikana na kutangazwa bila kupambwa, wapasuaji wa Kigali watajua ni wapi mgonjwa wao hupotelea kabla ya kuwafikia, na wizara itajua kama fedha zinazofuata ziende kwenye roboti nyingine au kwenye mashine za mawimbi ya sauti katika hospitali za wilaya.